Msongamano wa Mtandao wa Intaneti: Chanzo Chake, Namna Unavyodhibitiwa na Haki za Mwananchi

Saa 2:00 usiku katika Kata ya Kituntu, Wilaya ya Karagwe mkoani Kagera, alama za mawimbi kwenye simu ya mwananchi zinaweza kuonekana zimejaa, lakini ukurasa wa maombi ya mkopo wa elimu ya juu ukagoma kufunguka. Saa 11:00 alfajiri, ukurasa huohuo hufunguka mara moja. Simu ni ileile, mnara ni uleule na kifurushi hakijabadilika. Kilichobadilika ni idadi ya watu wanaotumia njia moja kwa wakati mmoja. Hali hiyo ndiyo inayoitwa msongamano wa mtandao.

Suala hili si la usumbufu pekee. Huduma nyingi za Serikali sasa hupatikana kwa njia ya mtandao: kupata kumbukumbu namba ya malipo, kuomba leseni ya biashara kupitia mfumo wa TAUSI, kutuma maombi ya mkopo kwa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, pamoja na kutunza taarifa za wagonjwa katika vituo vya kutolea huduma za afya kupitia mfumo wa GoTHOMIS. Kwa mwanafunzi anayekimbizana na siku ya mwisho ya maombi, au kwa mkulima wa kahawa anayesubiri kuthibitisha malipo yake msimu wa mavuno, mtandao unaokwama kwa saa mbili unaweza kumaanisha nafasi iliyopotea.

Makala haya yanaeleza msongamano ni nini, hutokea wapi, hudhibitiwa vipi, na mwananchi afuate utaratibu gani pale huduma inapokuwa chini ya kiwango.

Maana ya msongamano

Taarifa inayosafiri kwenye intaneti haipiti kama maji katika bomba. Hukatwa vipande vidogo viitwavyo pakiti, na kila pakiti huandikiwa anwani ya inakokwenda. Pakiti za watumiaji wote hupita kwenye njia zilezile na hupangwa katika foleni kwenye vifaa vya kupanga njia, yaani ruta. Pakiti zinapofika kwa wingi kuliko uwezo wa njia kuzipitisha, foleni hurefuka. Foleni ikijaa, pakiti zinazofuata hutupwa na kulazimika kutumwa upya.

Kwa mtumiaji, matokeo huonekana kwa namna tatu: kasi hupungua, majibu huchelewa, na baadhi ya taarifa hupotea njiani. Ndiyo maana sauti hukatika katika mazungumzo ya video, ingawa ujumbe mfupi wa maandishi bado hufika.

Mfano wa hesabu husaidia kulielewa jambo hili. Tuchukulie kwamba upande mmoja wa mnara una uwezo wa kupitisha megabiti 60 kwa sekunde. Video yenye ubora wa juu huhitaji takribani megabiti 5 kwa sekunde. Watu 12 wanaotazama video hizo kwa pamoja huumaliza uwezo wote, na mtu wa 13 anapoingia, wote huanza kuathirika. Watu haohao 12 wakitazama kwa ubora wa kawaida, unaohitaji takribani megabiti 1, watatumia megabiti 12 tu na kuwaachia wengine megabiti 48.

Mtandao haujengwi kwa kuchukulia kwamba kila mteja atatumia kasi yote kila wakati. Msingi wa upangaji huo uliwekwa na mwanahisabati wa Denmark, Agner Krarup Erlang, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen. Mwaka 1917 alichapisha kanuni za kukokotoa ni njia ngapi zinatosha kuhudumia idadi fulani ya wapiga simu bila wengi wao kukosa nafasi. Hadi leo wahandisi hupima mahitaji ya saa yenye matumizi makubwa zaidi, kisha hujenga uwezo unaokaribiana na mahitaji hayo. Tatizo hutokea pale matumizi yanapokua haraka kuliko ujenzi.

Mahali msongamano unapotokea

Kati ya simu ya mkazi wa Kituntu na kompyuta inayohifadhi taarifa anayoitafuta kuna hatua tano, na msongamano unaweza kutokea katika hatua yoyote.

Hatua ya kwanza ni hewani, kati ya simu na mnara. Hapa watumiaji wote wa eneo moja hugawana masafa yaleyale.

Hatua ya pili ni njia inayotoka mnarani kwenda kwenye mtandao mkuu. Baadhi ya minara huunganishwa kwa nyaya za mkongo wa mawasiliano na mingine kwa mawimbi ya maikrowevu yanayorushwa kutoka mnara hadi mnara. Minara kadhaa inapoungana kwa mnyororo, mnara wa mwisho hutegemea njia inayotumiwa na minara yote iliyo mbele yake.

Hatua ya tatu ni mkongo wenyewe ndani ya nchi. Hatua ya nne ni nyaya za baharini zinazoiunganisha nchi na dunia. Hatua ya tano ni kompyuta kuu, yaani seva, ya huduma inayotafutwa. Siku ya kutangazwa kwa matokeo ya mitihani ya kitaifa, kwa mfano, wananchi wengi hufungua tovuti moja ndani ya dakika chache. Siku hiyo mtandao wa simu unaweza kuwa salama, lakini seva ikazidiwa na maombi.

Kutambua hatua yenye tatizo ni muhimu kwa sababu kila hatua ina tiba yake. Kuongeza mnara mpya hakusaidii iwapo kilichozidiwa ni seva, na kuongeza uwezo wa mkongo hakusaidii iwapo kilichojaa ni masafa ya mnara wa kijijini.

Milima, migomba na umbali

Wilaya za Karagwe na Kyerwa zina vilima virefu na mabonde, na makazi mengi yamezungukwa na migomba. Mazingira hayo yana athari za moja kwa moja kwa mawasiliano. Mawimbi ya redio hudhoofika yanapokutana na vilima na uoto, hivyo nyumba iliyo bondeni inaweza kupata mawimbi hafifu ingawa mnara hauko mbali.

Jambo lisilofahamika kwa wengi ni kwamba mtumiaji mwenye mawimbi hafifu huathiri pia majirani zake. Simu iliyo karibu na mnara hupokea taarifa nyingi kwa muda mfupi. Simu iliyo mbali au iliyofichwa na kilima hulazimika kupokea taarifa ileile polepole, kwa namna inayostahimili makosa, na hivyo huchukua sehemu kubwa zaidi ya muda wa mnara. Watu wachache walio pembezoni wakipakua mafaili makubwa wanaweza kuupunguza uwezo wa mnara kwa kiwango kikubwa kuliko idadi yao inavyoonesha.

Kwa sababu hiyo, aina ya masafa ina umuhimu. Masafa ya chini, kama ya megahezi 700, husafiri mbali na hupenya vizuizi vizuri zaidi, kwa hiyo yanafaa kwa maeneo ya vijijini. Masafa ya juu, kama ya megahezi 3500, hubeba taarifa nyingi lakini kwa umbali mfupi, na hivyo hufaa zaidi mijini. Mnamo Oktoba 2022, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) iliendesha mnada wa masafa katika bendi za megahezi 700, 2300, 2600 na 3500 ili kuwawezesha watoa huduma kuongeza uwezo wa mitandao yao.

Ongezeko la watu nalo lina nafasi yake. Kwa mujibu wa Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022, Mkoa wa Kagera una wakazi 2,989,299, ikilinganishwa na wakazi 2,458,023 mwaka 2012. Mnara uliotosheleza kata miaka kumi iliyopita, wakati wengi walipiga simu na kutuma ujumbe mfupi, leo huhudumia watu wengi zaidi ambao pia hutazama video.

Funzo la mwaka 1986

Udhibiti wa msongamano ni taaluma yenye historia. Mnamo Oktoba 1986, mawasiliano ya kompyuta kati ya Maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California, Berkeley, nchini Marekani, yaliporomoka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi biti 40 kwa sekunde. Kasi ilishuka takribani mara 800, ilhali sehemu hizo mbili zilitenganishwa na umbali wa mita zipatazo 360 tu.

Hakukuwa na waya uliokatika. Kompyuta zilipoona pakiti hazifiki, zilizituma tena na tena. Kila jaribio jipya liliongeza foleni, na foleni ikasababisha majaribio zaidi. Mtafiti Van Jacobson alichunguza tatizo hilo na mwaka 1988 akachapisha suluhisho: kila kompyuta ianze kutuma polepole, iongeze kasi hatua kwa hatua, na ipunguze kasi mara moja inapoona pakiti zimepotea. Kanuni hiyo, ikiwa imeboreshwa mara nyingi, bado inafanya kazi ndani ya simu na kompyuta za leo.

Funzo hilo linamhusu pia mtumiaji wa kawaida. Kubonyeza kitufe cha kutuma mara kumi mfululizo mtandao unapokwama ni kurudia kosa la mwaka 1986, na kwa upande wa malipo, kunaweza kusababisha muamala mmoja kufanyika zaidi ya mara moja.

Njia za kudhibiti msongamano

Njia ya kwanza ni kuongeza uwezo: masafa zaidi, minara zaidi, teknolojia ya kizazi kipya katika minara iliyopo, na mkongo badala ya maikrowevu pale inapowezekana. Hii ndiyo tiba ya kudumu, lakini huhitaji fedha na muda.

Njia ya pili ni kusimamia foleni. Kwa muda mrefu iliaminika kwamba ruta yenye nafasi kubwa ya kuhifadhi pakiti ni bora zaidi. Uzoefu umeonesha kinyume chake: foleni ndefu mno huchelewesha kila kitu, kwa kuwa pakiti ya mazungumzo husubiri nyuma ya maelfu ya pakiti za faili kubwa. Mifumo ya kisasa hupima muda ambao pakiti imekaa kwenye foleni na kuwapa watumaji ishara ya kupunguza kasi kabla foleni haijajaa.

Njia ya tatu ni kutoa kipaumbele. Mazungumzo ya sauti hayavumilii kucheleweshwa, ilhali upakuaji wa programu unaweza kusubiri bila madhara. Mtandao unaweza kuzitenganisha foleni hizo.

Njia ya nne ni kuleta maudhui karibu. Video inayopendwa huhifadhiwa nakala ndani ya nchi ili isivutwe kutoka ng'ambo kila inapotazamwa. Kwa lengo linalofanana na hilo, kituo cha kubadilishana mawasiliano ya intaneti kilianzishwa Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kituo hicho huwezesha mawasiliano kati ya wateja wa kampuni mbili za Kitanzania kubaki nchini badala ya kuzunguka ughaibuni na kurudi.

Njia ya tano ni kupunguza mahitaji. Machi 2020, wakati mamilioni ya watu walipofungiwa majumbani kutokana na UVIKO-19, kampuni za Netflix na YouTube zilikubali ombi la Umoja wa Ulaya la kupunguza ubora wa video barani humo ili kulinda mtandao.

Usawa katika udhibiti

Udhibiti wa msongamano huibua swali la haki: nani apunguziwe kasi, na kwa kigezo gani? Mfano unaorejewa sana ni wa kampuni ya Comcast ya Marekani, ambayo mwaka 2007 ilibainika kuingilia mawasiliano ya wateja waliotumia programu za kugawana mafaili. Agosti 2008, Tume ya Shirikisho ya Mawasiliano ya nchi hiyo iliamua kwamba utaratibu huo haukubaliki. Mahakama ya rufaa ilitengua uamuzi huo mwaka 2010, lakini kampuni ilikuwa imekwisha kubadili mfumo.

Mfumo mpya haukuangalia mteja anatumia programu gani. Uliangalia mambo mawili: iwapo njia ya eneo husika imekaribia kujaa, na ni wateja gani wametumia sehemu kubwa ya uwezo katika dakika zilizotangulia. Wateja hao walipewa kipaumbele cha chini kwa muda, kisha wakarejeshwa katika hali ya kawaida matumizi yao yalipopungua. Misingi inayopatikana hapo ni kwamba udhibiti ufanyike tu pale msongamano upo, uwe wa muda, usibague maudhui, na mteja aelezwe waziwazi.

Tukio la Mei 2024

Tarehe 12 Mei 2024, Tanzania na nchi nyingine za Afrika Mashariki zilikumbwa na kushuka kwa kiwango cha intaneti kufuatia hitilafu katika nyaya za baharini za EASSy na SEACOM. Aliyekuwa Waziri wa Habari, Mawasiliano na Teknolojia ya Habari, Nape Nnauye, aliufahamisha umma kuhusu hitilafu hiyo, iliyotokea katika eneo la kati ya Msumbiji na Afrika Kusini.

Tukio hilo lilidhihirisha hatua ya nne ya msongamano. Watoa huduma walihamishia mawasiliano kwenye njia mbadala, lakini njia hizo zilikuwa na uwezo mdogo kuliko mahitaji yaliyoelekezwa huko, na kasi ikashuka kwa watumiaji. Kwa mwananchi wa Kituntu, aliye mbali na bahari, hitilafu ya chini ya bahari ilionekana kama tatizo la mnara wa jirani. Funzo lake kwa taifa ni umuhimu wa kuwa na njia nyingi zinazojitegemea, na wa kuhifadhi huduma muhimu kwenye seva zilizo ndani ya nchi.

Hatua za Serikali

Ujenzi wa Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ulianza mwaka 2009, mwaka ambao waya wa SEACOM ulianza kutoa huduma nchini, na EASSy ukafuata mwaka 2010. Mkongo huo unaosimamiwa na Shirika la Mawasiliano Tanzania (TTCL) umeunganishwa pia na nchi jirani, ikiwemo Uganda kupitia Mutukula na Rwanda kupitia Rusumo, mipaka yote miwili ikiwa upande wa kaskazini magharibi mwa nchi.

Kwa maeneo yasiyovutia uwekezaji wa kibiashara, Serikali ilianzisha Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote (UCSAF) chini ya sheria ya mwaka 2006. Mfuko hutoa ruzuku kwa watoa huduma ili wajenge minara vijijini. Tarehe 13 Mei 2023, Rais Samia Suluhu Hassan alishuhudia jijini Dodoma utiaji saini wa mikataba ya ujenzi wa minara 758 katika kata 713. Sambamba na ujenzi mpya, minara yenye teknolojia ya kizazi cha pili pekee huongezewa uwezo ili itoe intaneti ya kasi.

Ni vyema kutofautisha mambo mawili hapa. Kufikisha mawimbi kijijini ni hatua moja, na kuhakikisha mawimbi hayo yanabeba mahitaji ya watu wote saa 2:00 usiku ni hatua nyingine. Ya kwanza hupimwa kwa ramani ya maeneo yaliyofikiwa, ilhali ya pili hupimwa kwa ubora wa huduma. Jukumu la kusimamia ubora huo ni la TCRA, kwa mujibu wa Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 na Kanuni za Ubora wa Huduma za mwaka 2018, zinazowataka watoa huduma kufikia viwango vilivyowekwa.

Mwananchi afanye nini

Kwanza, atambue aina ya tatizo. Alama za mawimbi zikiwa chache muda wote, tatizo ni la ufikiaji wa mawimbi. Alama zikiwa zimejaa lakini kasi ikawa ndogo jioni na nzuri alfajiri, dalili ni ya msongamano. Tovuti moja ikigoma huku nyingine zikifunguka, tatizo huenda liko kwenye seva ya tovuti hiyo. Ni vyema pia kuhakikisha kwamba kifurushi hakijaisha au kupunguziwa kasi kwa masharti yake.

Pili, achague muda na njia inayofaa. Maombi yenye ukomo wa muda yasisubiri usiku wa siku ya mwisho. Mafaili makubwa na masasisho ya programu yapakuliwe alfajiri. Ubora wa video upunguzwe simu inapotazamwa na mtu mmoja. Intaneti inapokwama, malipo mengi bado huweza kufanyika kwa menyu ya simu inayoanza na alama ya nyota, kwa kuwa menyu hiyo haitegemei kifurushi cha intaneti. Kabla ya kurudia muamala, mtumiaji ahakikishe salio lake kwanza.

Tatu, aweke kumbukumbu. Malalamiko yenye tarehe, saa, jina la kijiji na kitongoji, aina ya huduma iliyoshindikana na, inapowezekana, picha ya skrini yenye kipimo cha kasi, humwezesha mhandisi kujua ni mnara gani na upande gani umezidiwa. Malalamiko ya wakazi kadhaa wa eneo moja yakiwasilishwa kwa pamoja kupitia ofisi ya kijiji au kata huonesha wazi zaidi kwamba tatizo si la simu ya mtu mmoja.

Nne, afuate ngazi. Malalamiko huanzia kwa mtoa huduma, kwa kupiga namba 100 ya huduma kwa wateja au kufika kwenye duka lake, na mlalamikaji aombe namba ya kumbukumbu. Asiporidhika, huwasilisha lalamiko TCRA, ambayo ina ofisi ya Kanda ya Ziwa jijini Mwanza inayohudumia pia Mkoa wa Kagera. Asiporidhika na uamuzi wa Mamlaka, sheria inampa nafasi ya kukata rufaa kwenye Baraza la Ushindani. Aidha, Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano lipo kwa ajili ya kutetea maslahi ya watumiaji na kuwapa elimu.

Msongamano hauwezi kuondolewa moja kwa moja, kwa kuwa kila uwezo unaoongezwa huvutia matumizi mapya. Unaweza kudhibitiwa pale mtoa huduma anapojenga kabla foleni haijajaa, msimamizi anapopima na kuchukua hatua, na mwananchi anapotoa taarifa sahihi. Mwanafunzi wa Kituntu anayelazimika kuamka saa 11:00 alfajiri ili kukamilisha maombi yake ana haki ya kutoa taarifa hiyo, na taarifa yake ndiyo inayoonesha mahali ambapo mtandao unahitaji kuongezewa nguvu.